Harufu ya Petroli na Jibu la Thelathini na Tano

Sisi wakufunzi wawili wa somo la Hisabati tunamiliki kwa ubia gari moja kuukuu, Volkswagen ya mwaka 1972, ile yenye umbo la kobe, ambayo injini yake hukaa nyuma na tangi lake la petroli hukaa mbele, mahali ambapo magari mengine huweka injini. Magari ya namna hiyo yalikoma kuundwa huko Meksiko mwaka 2003, na vipuri vyake sasa hutafutwa kwa taabu. Hata hivyo ndilo linalotupandisha milimani kutoka Mombo hadi Soni na Lushoto kila wanachuo wetu wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha. Tunaandika habari zake katika kurasa hizi kwa sababu lilitufunza jambo ambalo miaka mingi ya kukagua maandalio ya masomo haikutufunza.

Gari lilianza kunuka petroli. Tulilipeleka gereji. Fundi wa kwanza, aliposikia tu neno petroli, aliifungua kabureta na kubadili gasketi. Wa pili aliilaumu pampu, akaweka nyingine. Wa tatu alibadili mpira mmoja uliokuwa mbele ya macho yake. Kila mmoja alipokea ujira wake, na kila mmoja alituhakikishia kuwa gari limepona. Harufu ilirudi. Wala hatuwezi kuwalaumu wao peke yao, maana nasi tulikuwa tukifika pale, tukisema maneno mawili tu, "linanuka petroli", kisha tukienda kivulini kunywa chai.

Msomaji asidhani kwamba harufu hiyo ni adha ya pua tu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, sembuse katika jua la Mombo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya mahali palipozama. Na ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu mbili au tatu tu katika mia, cheche moja yatosha. Nasi tulikuwa tukipakia wanachuo watatu katika kiti cha nyuma, ambacho chini yake ndipo ilipo betri. Tulifungua madirisha tukaendelea na safari. Baada ya nusu saa tuliambiana kuwa harufu imepungua. Haikuwa imepungua hata kidogo. Pua ndiyo iliyokuwa imezoea.

Hatimaye tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo kando ya barabara. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha tukae. Hakushika spana. Aliuliza:

"Harufu huja lini?"

"Wakati wote, Mzee."

"Hapana, Walimu wangu. Iko saa linanuka na iko saa halinuki. Nendeni mkaniandikie."

Akatueleza tuandike nini. Tangi limejaa au limepungua. Injini ni ya moto au ni baridi. Gari linakwenda au limesimama. Linapanda au linashuka. Linakata kulia au kushoto. Harufu ni kali zaidi mbele au nyuma. Zaidi ya yote, tusizitegemee pua zetu wenyewe. Kila tunaposimama, tumwite mtu ambaye hakusafiri nasi, yeye ndiye anuse. Na mpaka tutakaporudi, tusilipakie gari watu wengine, tusiliweke ndani ya banda wala karibu na moto.

Twakiri kwamba tuliondoka tukinung'unika. Tulikwenda kutengenezewa gari, tukarudi na kazi ya nyumbani. Lakini tulipiga mistari katika daftari na kuandika kwa siku sita, naye mlinzi wa chuo akawa mnusaji wetu mkuu, kazi aliyoifanya kwa makini na kwa kicheko kisichofichika.

Siku ya nne daftari lilianza kusema. Tulikuwa tukidhani tuna harufu moja, kumbe tulikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilitokea mbele, tena pale tu tulipokuwa tumejaza tangi, na ilizidi katika kona za kushoto. Tangi liliposhuka hadi nusu, ilitoweka kabisa. Ya pili haikujali tangi lina petroli kiasi gani. Ilitokea nyuma, baada ya safari, injini ikiwa imezimwa na bado ina joto.

Mzee alilisoma daftari mstari kwa mstari. Alitueleza kwamba gari linapokata kushoto, petroli iliyomo tangini hukimbilia kulia, na katika gari letu upande wa kulia ndiko iliko shingo ya kujazia. Basi kosa la kwanza alikwisha kulijua kabla hajafungua boneti. Kisha, akiwa ameliacha gari lipoe mahali pa wazi na kuung'oa waya wa betri, alituomba kitu ambacho hatukutazamia kuombwa na fundi: kipande cha chaki. Mkufunzi hakosi chaki mfukoni. Alikausha kwa kitambaa viungo vyote vya njia ya petroli, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, akavipaka chaki, akajaza tangi, akangoja.

Mbele, chaki ililowa kwenye mpira mnene unaounganisha shingo na tangi. Kwa juu ulionekana mzima. Kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo, ulikuwa umepasuka kama ardhi ya kiangazi. Kisha alifunga waya wa betri, akaiwasha injini kwa dakika chache na kuizima, naye akiwa amesimama kando na ndoo ya mchanga. Sasa chaki iliingia weusi kwenye shina la kibomba kidogo cha shaba kinachoingiza petroli katika kabureta. Injini ilipopoa alikishika kwa vidole viwili, nacho kikazunguka.

Hapo tulinyamaza. Kibomba kile hakikukazwa kwa skrubu. Kiwandani kilipachikwa kwa nguvu tu, na baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko hulegea. Kikichomoka njiani, pampu huendelea kuimwaga petroli juu ya injini ya moto, karibu na distribyuta itoayo cheche. Fundi wa kwanza alikifungua kifuniko hicho hicho cha kabureta asikiguse kibomba, kwa kuwa alikuja akitafuta gasketi. Mzee alikitoa, akatia kingine cha kukazwa kwa kuzungushwa, akabadili na mpira wa shingo. Alichomoa pia kile chuma cha kupimia oili akakinusa, kwa maana kiwambo cha pampu kikipasuka petroli hushuka katika oili, nayo oili huongezeka badala ya kupungua. Hapakuwa na harufu. Kisha aliifungua ile pampu yetu ya zamani, tuliyokuwa bado tumeihifadhi, akatuonyesha kiwambo chake. Kilikuwa kizima.

Tulikuwa njiani kurudi chuoni tulipomkumbuka mwanachuo mmoja tuliyemkagua wiki ile ile, katika darasa la tatu, somo la kutoa. Aliandika ubaoni 52 kutoa 27. Watoto wengi walipata 35. Badala ya kukosoa na kurudia kanuni, alimwita mmoja mmoja aeleze alivyofanya, huku dakika zikipita na andalio lake likibaki nusu. Kisha akawapa 53 kutoa 27, na hapo majibu yakagawanyika: wengine 34, wengine 36. Sisi tulitazama saa. Katika fomu tuliandika, "Hakukamilisha somo, ajifunze matumizi ya muda," tukampa alama ya chini.

Lakini hebu tuitazame ile 35. Mtoto wa kwanza hutoa tarakimu ndogo katika kubwa popote ilipo: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3. Wa pili hukopa kumi kama alivyofundishwa, akapata 12 toa 7 ni 5, ila husahau kulipunguza lile 5 la makumi. Jibu ni moja, makosa ni mawili, na dawa ya mmoja haimfai mwenziwe. Hesabu ya 53 ndiyo inayowatenganisha, kwani wa kwanza atapata 34 na wa pili 36. Kijana yule aliichagua kwa makusudi. Alikuwa amepaka chaki, nasi tulikaa nyuma ya darasa tukihesabu dakika.

Katika zamu ya pili ya ukaguzi tulirudi katika shule ile. Fomu ya kwanza ilikuwa imekwisha kupelekwa, na alama haikubadilika. Tulichoweza kufanya ni kumwambia, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba tulikosea, na kuandika katika fomu ya pili yale tuliyoshindwa kuyaona mara ya kwanza. Aliuliza kama angeweza kupata nakala. Tulimpa. Kisha alitusindikiza hadi kwenye gari. Injini ilikuwa bado ina joto, nasi tukamwomba anuse upande wa nyuma, maana pua zetu hatuziamini tena. Aliinama kwa muda, akainuka, akasema hasikii kitu.