Maili Tano za Kinangop

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiulizwa maana ya miviga hujibu pasi na kusita. Atasema kwamba ni sherehe za kitamaduni zinazofanywa na jamii katika vipindi mahususi vya mwaka au vya maisha ya mwanadamu. Ataorodhesha jando, unyago, ndoa, mazishi, matambiko na kutawazwa kwa viongozi. Kisha atazitaja sifa zake: zina waongozaji maalumu, huandamana na maleba, nyimbo, mawaidha na viapo, nazo hufanyiwa mahali maalumu. Sifa hii ya mwisho hutuzwa alama moja katika mtihani, halafu ikasahaulika.

Kijana mmoja wa Longonot, mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu, aliikumbuka sifa hiyo kwa sababu isiyo ya mtihani. Alikuwa ametumwa nyanjani kukusanya data, akaona afadhali arudi nyumbani kwao, chini ya mlima ule wenye urefu wa mita 2,776 unaosimama baina ya Mai Mahiu na Naivasha. Jina la mlima lenyewe limetokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, yaani mlima wenye migongo mingi iliyoinuka. Alibeba kinasasauti na daftari aliloligawa katika safu nne: mtendaji, hadhira, maleba, mahali. Babu yake alimkaribisha kivulini mwa mgunga, akamwinamishia kichwa na kuguswa utosini kama ilivyo ada, na mazungumzo yakaanza.

Mzee alikuwa na mengi. Alieleza jinsi mvulana anavyomwagiwa maji baridi alfajiri, maji yaliyolazwa nje usiku kucha yakiwa na shoka ndani yake, ili ubaridi uuzizimishe mwili kabla ya kisu. Alieleza jinsi anavyoketi juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya macho ya jamaa zake. Akipepesa jicho tu, fedheha si yake peke yake, bali ni ya mama, baba na ukoo mzima. Baada ya kupona huvaa nguo nyeusi, akatembea na upinde na mishale butu, akiwinda ndege wadogo ambao manyoya yao humpamba kichwani. Wasafiri wanaopita barabara ya Mai Mahiu huwapiga picha vijana hawa, wakidhani wameona maonyesho, ilhali wamemwona mtu ambaye si mtoto tena na bado si morani.

Mzee alipofikia eunoto, sauti yake ilibadilika. Morani amezifuga nywele zake kwa miaka, amezisokota na kuzipaka udongo mwekundu. Ndizo fahari yake. Katika eunoto, mama yake humketisha akamnyoa kichwa chote. Watu waliozoea kumsawiri morani kama simba asiyejua hofu wangestaajabu, kwani wengi hulia siku hiyo, na wengine hutetemeka hata wakashikwa na wenzao. Hawalii kwa maumivu. Wembe unaondoa ujana mbele ya macho yao, na anayeushika wembe ndiye yule yule aliyewazaa. Miaka mingine ikishapita huja olng'esherr, sherehe ya nyama, ambayo huufunga umorani na kumtia mtu katika safu ya wazee.

Safu tatu za daftari zilikuwa zimejaa. "Babu," kijana akauliza, "na mahali? Sherehe hizi zilifanyiwa wapi?"

Mzee aliinuka polepole, akanyoosha fimbo yake mashariki, ng'ambo ya bonde, kwenye ukuta wa samawati unaopanda kuelekea nyanda za juu. "Baba zetu walituambia ni kule, mjukuu wangu. Kinangop."

Kijana aliporudi maktabani aligundua kwamba fimbo ya babu ilikuwa imeelekezwa kwenye hati ya serikali. Mnamo Agosti 1904, Olonana, ambaye wengi humwita Lenana, pamoja na wazee wengine wa Kimaasai, waliingia katika mkataba na Sir Donald Stewart, Kamishna wa Uingereza. Reli ilikuwa imekwisha kupita bondeni, na walowezi walizitaka nyanda za Naivasha na Nakuru. Wamaasai walikubali, kama kukubali ndilo neno linalofaa, kuhama na mifugo yao. Wengine walikwenda Laikipia na wengine kusini mwa reli. Hata hivyo, ndani ya mkataba huo mna kifungu cha kushangaza. Wazee hao walijihifadhia maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop, ili jando na sherehe zao ziendelee kufanyiwa huko kwa desturi ya mababu.

Inafaa kifungu hicho kisomwe kwa utulivu. Watu hawa walikuwa wakiacha malisho yaliyokuwa uhai wa ng'ombe wao, na ng'ombe ndio uhai wa Mmaasai. Katika saa hiyo ya kupoteza, waliomba pia mahali pa kuwafanyia watu utu uzima. Ni dhahiri kwamba kwao miviga haikuwa pambo la maisha. Walijua kuwa jamii ikitawanywa kaskazini na kusini itahitaji uwanja mmoja wa kukutania, la sivyo vijana wake watakua wakiwa wageni wao kwa wao.

Mkataba ulinuiwa kudumu muda wote Wamaasai wangekuwapo. Ulidumu chini ya miaka saba. Mkataba wa pili, wa mwaka wa 1911, uliwahamisha wa Laikipia kuelekea kusini, na kesi waliyoipeleka mahakamani kuupinga ikatupwa mwaka wa 1913. Haki ya Kinangop ilibakizwa katika maandishi, ilhali ardhi ya Kinangop iliendelea kuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, mashamba hayo yaligawanywa kwa wakulima ambao wengi wao ni Wagikuyu, watu ambao nao walikuwa wamepokonywa ardhi kwingineko. Leo panastawi viazi na kabichi. Si haki kumlaumu anayevilima.

Hapa ndipo nadharia ya darasani inapopwaya kidogo. Vitabu husema "mahali maalumu" kana kwamba ni jukwaa linaloweza kuhamishwa. Mfanyakazi wa Kibukusu katika mashamba ya maua ya Naivasha hafikiri hivyo. Unapowadia Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili, humpeleka mwanawe hadi kwao magharibi, maana tope analopakwa mtahiriwa alfajiri ni la huko, na njia anayopita uchi ni ya kurudi kwa baba yake. Wamijikenda nao wamefanikiwa zaidi, kwani misitu yao ya kaya ilitambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008, mahali penyewe pakalindwa. Miviga mitatu ya Wamaasai, enkipaata, eunoto na olng'esherr, iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2018 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Turathi hizo ni zile zisizoshikika. Ardhi hushikika, na imeshikwa.

Si kwamba kila lililofanywa na mababu lilindwe. Ukeketaji uliharamishwa na sheria ya mwaka wa 2011, na wasichana wa bonde hili hawana sababu ya kuulilia. Kijana mwenyewe alitahiriwa zahanatini, kwa ganzi, mchana, akapona kwa wiki chache. Alidhani babu hajui. Lakini kabla ya kuagana, mzee alimtazama kwa muda, akamuuliza bila ukali, "Na wewe, mjukuu wangu, uliketi juu ya ngozi gani?"

Kijana hakuwa na jibu. Mzee alimtemea mate ya baraka viganjani, akamwambia awahi gari kabla ya giza.

Siku ya kuwasilisha kazi yake, katika safu ya nne aliandika: Kinangop, maili tano za mraba. Mhadhiri aliyeisahihisha aliweka alama ya kuuliza kando ya maneno hayo.