Roli Gani?

Wasee, kuna uongo tumejidanganya: eti ukishamaliza kukata, filamu imeisha. Mimi pia niliamini hivyo.

Tulishuti filamu fupi kwa mkanda wa milimita 16. Ndio, mkanda kabisa, si simu. Roli ya futi 400 inakupa kama dakika 11 tu, so kila shoti inauma mfuko. Negativu zilienda maabara nje ya nchi, tukarudishiwa skani nyepesi za kuedit. Nikimaliza, wangeskani tena kwa 4K zile shoti nimetumia pekee. Roli zote kwa 4K? Na pesa ya nani?

Sasa mimi mjuaji nilikuwa na treki saba za video, na faili nimebadilisha majina. "Shosh anacheka 2." "Hii ndo poa." Nikatoa EDL, nikatuma, nikalala fofofo.

Kumbe EDL ni orodha ya maandishi tu: shoti inatoka roli gani, inaanza taimkodi gani, inaishia wapi. Haioni picha. Na ile ya kizamani inayoitishwa bado, CMX 3600, hubeba treki moja ya video. Treki zangu sita zikabaki nje. Maabara wakaniuliza kwa heshima: roli gani?

Ile shoti ya Shosh ni sekunde nne. Anacheka kabla hatujamwambia aanze. Shosh hayuko tena, hakuna kurudia.

Siku tatu nilikaa nikilinganisha fremu kwa fremu. Kilichoniokoa ni kwamba skani ya kwanza ilionyesha ukingo wa mkanda, na kwa milimita 16 kuna namba kila nusu futi, yaani kila fremu 20. Macho yaliisha, lakini nilimpata.

Siku hizi majina ya faili siguzi. Nashusha kila kitu treki moja, natoa taito na rangi, naongeza fremu 12 mwanzo na mwisho wa kila shoti, na pale nimepunguza kasi naandika kando kwa mkono. Halafu natuma video ya mfano yenye taimkodi juu yake, ndio mtu asibahatishe. Ni kazi boring, sitadanganya. Lakini editor ambaye hawezi kukabidhi kazi yake kwa mwingine, kwangu bado anajaribu.

Skani ya 4K ilipokuja nilifungua ya Shosh kwanza. Mkononi alikuwa amevaa saa yangu ya primo, ile nilidhani nilipoteza.