Ngerengere: Ndama hunywa kwanza

Muulize mtoto wa mjini maziwa yanatoka wapi. Wengi watajibu bila kusita: dukani. Mvulana mmoja wa miaka saba, mkazi wa Dar es Salaam, alikuwa na jibu hilo hilo, na kila asubuhi aliacha nusu kikombe mezani. Jumamosi moja mama yake aliamua kumpeleka yeye na dada yake Ngerengere, mkoani Morogoro, wakajionee wenyewe.

Tangu Juni 2024, treni ya umeme ya SGR imeifanya safari hiyo kuwa ya kwenda na kurudi siku moja. Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka huo, kutoka Dar es Salaam hadi Ngerengere ni Sh9,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Mzazi aangalie jambo moja: treni ya haraka haisimami hapo. Akate tiketi ya treni ya kawaida, ya kwenda na ya kurudi, na asisahau kitambulisho.

Baada ya kituo cha Ruvu nyumba hupungua na pori huanza. Mama aliwaeleza watoto kuwa mto Ngerengere hutoka milima ya Uluguru, hupita Morogoro mjini, kisha huungana na Ruvu, mto ambao maji yake hufika mpaka mabombani Dar es Salaam. Dada mtu akacheka: "Kumbe tunakunywa Uluguru kila siku!"

Kutoka kituoni walitembea karibu saa nzima, kwa njia ya ng'ombe katikati ya migunga, hadi boma la mama mmoja wa Kimaasai waliyekuwa wamewasiliana naye mapema kwa simu. Kamera ilibaki mfukoni, kwa kuwa Ngerengere ina kambi ya jeshi, na hata bomani hupigi picha kabla ya kuomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Kundi lilikuwa limekwenda malishoni tangu asubuhi. Alibaki ng'ombe mmoja aliyezaa karibuni. Mwenyeji alimfungulia ndama kwanza, akanyonya kidogo mpaka maziwa yakashuka, ndipo akasogezwa pembeni. Akakamua chuchu mbili, akasimama.

"Mbona hujamaliza, mama?" mvulana akauliza.

"Hizo nyingine ni za mwenyewe," akajibu, akimrudisha ndama kwa mama yake.

Akawaeleza kuwa ng'ombe wa asili hutoa lita moja au mbili tu kwa siku, na kiangazi hupungua zaidi. Akichukua yote, ndama hudhoofika, na mwakani hakuna ng'ombe wala maziwa. Kwa Wamaasai kukamua ni kazi ya wanawake, na fedha ya maziwa ni yao. Kwake ndiyo inayonunua unga, sukari na madaftari.

Kisha akatoa kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, ambacho huyapa maziwa harufu ya moshi na kuyasaidia yasiharibike upesi. Dada mtu akapewa kibuyu kingine cha maziwa yaliyoganda akisukesuke. Mikono ilichoka kabla siagi haijajitenga. Siagi hiyo ikichemshwa hutoa samli.

Mvulana alitaka kunywa maziwa mabichi papo hapo. Mama yake alikataa kwa upole, na mwenyeji akabandika sufuria motoni. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kumpa mtoto kifua kikuu au ugonjwa wa brusela, hata yakiwa yametoka kwa ng'ombe anayeonekana mzima. Yalipochemka na kupoa, kila mmoja alipata kikombe chake. Mama alilipia, akanunua na lita moja ya mtindi ya nyumbani.

Waliaga mapema, jua likiwa bado juu, kwa sababu treni haimsubiri mtoto aliyechoka kutembea. Njiani mvulana hakusema mengi. Treni ilipoondoka aliuliza swali moja tu: "Ndama ameshiba?"

Jumapili asubuhi kikombe chake kilirudi jikoni kikiwa kitupu. Hakuna aliyemwambia amalize.