Karte ambayo hatukununua

Tangu Noeli wengi munatuuliza: "Ile mashini yenu ya michezo, muliweka karte gani ndani?" Tumeona vema kujibu hapa mara moja tu, kusudi tusirudilie maneno ku kila benchi.

Sisi ni watatu, wa darasa la tano. Wakati wa likizo kubwa tulibeba matofali ku shantie moja hapa Lubumbashi, tukaweka feza pamoja ndani ya kopo ya maziwa. Shauri letu lilikuwa kununua kompyuta ya kucheza mupira, na siku ya posho kuachia wengine wacheze kwa feza kidogo. Tulipohesabu, tulikuta dola 210. Tulijiona matajiri.

Kwanza tulimwendea mwalimu wetu wa fizika. Akatueleza kwa mufano wa shantie yetu. Prosesa ni kama kapita: anahesabu, anapima, anaamuru. Karte ya grafike ni kundi la wajenzi wengi wanaopanga matofali kwa mara moja, na kila nukta ya picha ni tofali moja. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta kupita milioni 2, nazo zinapangwa upya mara 60 kwa sekunde kama unataka muchezo uende bila kukwama. Kapita akiwa muvivu, wajenzi wanakaa bure. Wajenzi wakiwa wachache, kapita anapiga kelele bure. Kwa hiyo usichague kimoja bila kufikiri kingine.

Tukaenda kutafuta. Tulipata kompyuta iliyotoka ku ofisi, yenye prosesa Core i5-6500 ya mwaka 2015, viini vinne, kwa dola 120. Muuzaji akatuonyesha tena karte Radeon RX 580 yenye GB 8, kwa dola 90. Mia moja na makumi mbili na makumi tisa: 210 kamili! Tuliona kama bahati imetuita kwa jina. Tukaacha avansi ya dola 20, tukarudi kwa miguu tukiimba.

Nyumbani yaya wa mmoja wetu, fundi wa televizio, alituuliza:

"Mumekwisha kuacha avansi?"

"Ndiyo, yaya."

"Na alimentasio iko wati ngapi?"

Tukanyamaza. Kesho yake tulirudi kusoma karatasi iliyobandikwa ku kile kisanduku cha umeme: wati 240. Yaya akasema, "Basi, muhesabu." Prosesa, wati 65. Karte RX 580, wati 185. Jumla 250, na bado diski na ventilatere havijakula kitu. Tena karte ile inataka waya yake ya umeme, na mashini ya ofisi haikuwa nayo. Tena sanduku lenyewe lilikuwa jembamba, karte haiingii hata kwa nguvu. Yaya akaongeza kwamba karte nyingi za namna hii zilitumikishwa usiku na muchana kutafuta feza ya Ethereum, mpaka kazi hiyo ilipokomeshwa mwezi wa 9 wa 2022. "Haiko zote mbaya," alisema, "lakini muiwashe kwanza mbele ya macho yenu."

Njia nyingine ilikuwako. Karte GeForce GTX 1050 Ti, ya 2016, GB 4, inakula wati 75 tu, na karte mere yenyewe inaweza kuzitoa kwa nafasi inapochomekwa. Nyingi za namna hii hazitaki waya nyingine. 65 na 75 ni 140: inatosha. Tuliona moja fupi, ya kuingia ndani ya lile sanduku, kwa dola 85. Tulikuwa karibu kuondoka na feza mukononi.

Hapo mmoja wetu akainamisha kichwa. Akasema kwamba kati ya feza zake, dola 60 hazikutoka ku matofali. Ilikuwa minervali aliyopewa na mama yake.

Tuseme kweli: hatukumwambia mara moja azirudishe. Saa nzima tulitafuta maneno ya kujipa haki. Tulisema, "Tununue tu, watoto watalipa kucheza, na mwezi wa pili tutalipa karani." Tulisema tena, "Prefe atangojea." Lakini kila mmoja wetu anamujua yule mama. Anauza ndagala, na mikono yake inanuka samaki hata siku ya Mungu. Mwishoni hakuna aliyeweza kumutazama mwenzake usoni. Tukatoa dola 60 ndani ya kopo, na kesho yake minervali ikalipwa. Mwenzetu alimwambia mama yake yote, yeye mwenyewe.

Zikabaki dola 150. Tulinunua mashini bila karte. Prosesa ile ina grafike ndogo ndani yake, HD Graphics 530, na hiyo inaazima memori ya mashini. Mashini ilikuwa na kipande kimoja tu cha memori. Tuliongeza cha pili kilicho sawa, kwa dola 15, na memori ikapata njia mbili pahali pa moja. Picha zikaanza kwenda vizuri kupita mbele. Feza ya mwisho ililipa stabilizatere, sababu umeme wetu unarukaruka. Leo tunacheza PES 2013 bila shida. Michezo mipya mikubwa inatukatalia, nasi tunaiacha.

Basi, ninyi munaotaka kujenga mashini, muulize kwa mupango huu. Skrini yangu iko na nukta ngapi? Alimentasio iko wati ngapi? Sanduku lina nafasi, na waya ziko? Prosesa na karte vinalingana? Na swali ambalo sisi tuliliweka nyuma, wakati lilipaswa kuwa la kwanza: hii feza ni ya nani?

Nafasi ya karte ingali wazi, imejaa vumbi. Likizo ijayo tutarudi ku matofali, wote watatu.