Akope msusi, nidaiwe mimi?

Jamani, hizi simu zetu za mkononi zina vituko! Zamani kero ilikuwa moja tu, kile kimeseji cha "ile hela tuma kwenye namba hii", ambacho ukikisoma unacheka, unakifuta, maisha yanaendelea. Siku hizi kuna kingine kinachokuja na jina la mtu unayemfahamu kabisa, na hicho bwana hakichekeshi hata kidogo.

Juzi juzi nipo ndani ya daladala nakwenda Kariakoo, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Namba ngeni. Kaka mmoja sauti kavu, hata salamu hana: "Wewe ndiye Dada Twende Kilioni?"

Ebo! Wazazi wangu hawakunipa jina hilo. Nikakaa kimya kidogo, akili ikaanza kufanya kazi. Twende kilioni ni msuko, na duniani hapa mtu pekee anayeweza kuniandika hivyo kwenye simu yake ni msusi wangu wa Sinza. Kaka akaendelea kutiririka: eti mwenye saluni amekopa, kaingia mitini, mimi ndiye mdhamini wake, kwa hiyo nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana, la sivyo "na wewe jina lako litatoka". Litatoka wapi? Hakusema, akakata. Nusu saa haijaisha ikaingia picha kwa WhatsApp: msusi wangu kapendeza, kavaa gauni la harusi ya mdogo wake, na chini yake limeandikwa neno TAPELI kwa herufi kubwa.

Jioni nikampitia. Nilimkuta saluni, hajaingia mitini wala nini. Alikuwa amechacha, kodi ya fremu imefika, akakopa shilingi 100,000 kwenye moja ya hizi programu za mikopo ya kwenye simu. Zilizoingia ni 68,000. Nyingine wakasema ni gharama za huduma, na siku ya 7 akatakiwa kurudisha 104,000. Piga hesabu mwenyewe msomaji wangu: 36,000 juu ya 68,000, zaidi ya nusu ya alichopata, ndani ya wiki moja! Ndiyo maana watu wakaipa jina la kausha damu. Alichelewa siku mbili tu.

"Mimi sijamwandika mtu yeyote mdhamini," akaniambia, machozi yanamlengalenga. Namwamini, maana hakuna mahali alipoulizwa jina la mdhamini. Alichoulizwa ni kuhusu majina yaliyomo kwenye simu yake, halafu kuhusu picha, na kila swali lina kitufe cha "Ruhusu". Simu za Android kuanzia toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, huuliza hivyo programu inapotaka kuchungulia vitu vyako. Sasa mtu ana shida ya kodi, mwenye nyumba amesimama mlangoni, unadhani atasoma? Anabonyeza. Kwa kubonyeza huko majina yote yakanakiliwa na kupelekwa kwa mkopeshaji: mimi, mama yake mzazi, fundi wa drayari, mawifi, na baba mmoja wa kanisani aliyeandikwa "Mzee wa Zaka".

Hapo ndipo mimi ninapogombana na hawa watengeneza programu. Enzi zile ukitaka mkopo mtaani uliweka rehani redio, baiskeli au pasi ya umeme. Ukishindwa, redio inakwenda, lakini redio ilikuwa yako. Kwenye kikoba nako unadhaminiwa na wenzako ambao wamekaa kwenye mkeka, wamekutazama usoni, wakasema sawa. Huku kwenye simu walichowekewa rehani ni watu, na watu wenyewe hatujui kama tumewekwa! Namba yangu ni yangu. Msusi nilimpa ili anipigie kiti kikiwa wazi.

Na tazama walivyo wajinga wa biashara. Kwa msusi, majina yale ndiyo mtaji. Hana bango barabarani, hana tangazo redioni, ana wateja aliowakusanya mmoja mmoja kwa miaka, kila mmoja na msuko wake pembeni ya jina. Mdai akawapigia hao hao. Jumamosi ile, siku ambayo kwa kawaida unapanga foleni mpaka saa moja usiku, viti vilikuwa vitupu. Wateja watatu walimtumia ujumbe afute namba zao. Mmoja hakuandika lolote, alihamia saluni ya jirani na kupita mlangoni kwake kichwa kimenyooka kama twiga. Sasa hela ya kulipa deni itoke wapi kama aliyekudai ndiye anayekufungia duka?

Msinielewe vibaya, mimi sina ugomvi na kukopa kwa simu. Wengi wetu tunaokolewa. Songesha ya Vodacom, kwa mfano, inakuongezea pale salio la M-Pesa linapopungua, na hela ikiingia inajikata yenyewe. Gharama ipo, lakini sijawahi kusikia imempigia simu mama mkwe wa mtu. Kwa hiyo inawezekana kudai bila kuanika watu, ni uamuzi wa mwenye programu tu.

Wenye mamlaka nao hawakulala moja kwa moja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na kuwaonya watu wasiyaguse. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali, na tume ya kusimamia hilo ipo. Wenzetu Kenya waliweka kanuni mwaka 2022 zinazomkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Hata Google, tangu Mei 31, 2023, hairuhusu programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lake kugusa majina na picha za mtumiaji.

Sasa ya msusi wangu ilipenyaje? Haikutoka dukani. Ilikuja kwa linki kwenye grupu la WhatsApp, akabonyeza, ikajipakia yenyewe kwa mlango wa nyuma, ambako hakuna mlinzi. Tulikaa wote pale saluni tukaingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, kisha ruhusa, tukazima kimoja kimoja, majina, picha, meseji, halafu tukaifuta kabisa. Nikamweleza ukweli mchungu: hilo linazuia wasichukue kingine, lakini walichokwishanakili kiko kwao. Ni kama mtu aliyekwisha kupiga chapa ya funguo zako. Kumnyang'anya funguo hakusaidii.

Alilipa. Aliuza drayari moja kati ya mbili alizonazo, akamaliza deni lote pamoja na faini za kuchelewa. Simu kwangu ziliendelea siku mbili zaidi, nadhani kaka mwenye sauti kavu hakuwa ameambiwa. Wateja wanarudi kidogo kidogo, wengine wakimtania, wengine wakilipa kabla ya kusukwa kwa vile eti "tunajua una shida", jambo ambalo linamuuma kuliko utani.

Nikamshawishi aende akalalamike kwenye tume, maana ushahidi anao: picha, meseji, na mimi shahidi niko tayari. Alikuwa anafumua rasta za mteja, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu:

"Na hiyo fomu yao, inataka namba za simu za mashahidi?"