Mwasumini Nao Hulala

Ndugu zangu, mwaka huu wahariri wameniomba habari za bustani. Nimesomesha miaka mingi, na mwalimu muungwana huanza na kosa lake mwenyewe.

Marehemu mama mkwe wangu alikuwa na mwasumini kwenye chungu, hapa hapa kusini ya Uingereza. Alipofariki Oktoba 2010, chungu kikaja kwetu. Waingereza huuita mti wa Kiarabu, ingawa asili yake ni upande wa Bara Hindi. Kwetu sisi ni mti wa kikuba, na ule ulikuwa mti wa mama.

Disemba ile ilikuwa ya baridi kuliko Disemba zote zilizopimwa Uingereza tangu 1910. Nikaogopa. Nikauweka ubavuni mwa hita, nikautia maji kila siku baada ya sala ya alfajiri. Mke wangu akasema, "Mwalimu, mti huo umelala. Uache." Nikamjibu kwamba mambo ya mimea nimeyasoma. Majani yakageuka manjano, yakapukutika. Nikazidisha maji. Februari nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inanuka. Baridi haikuuua mti ule; niliuua mimi. Mke wangu hakusema neno. Alikiosha chungu, akakiweka.

Kilichotuokoa ni ukarimu wa marehemu: zamani alimkatia jirani kitawi. Nikaenda kuomba, kwa haya, na tangu hapo nafanya hivi.

Usiku wa Septemba ukikaribia nyuzi 10, chungu kiingie ndani. Kikae chumba chenye mwanga, mbali na hita, joto nyuzi 10 hadi 13. Hewa kavu ya hita huleta vijidudu vinavyofuma utando chini ya majani. Maji usiyatie kwa saa wala kwa mapenzi: tia kidole, na udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya kwanza, tia kidogo. Mbolea ingoje. Machi upogoe, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kisha uongeze maji pole pole. Usiutoe nje mpaka hatari ya jalidi ipite, mwisho wa Mei, na siku za mwanzo ukae kivulini. Julai ndiyo wakati wa kukata vitawi: inchi 4, kwenye udongo wenye mchanga, uvifunike kwa mfuko wa plastiki.

Agosti 2019 tulimuoza binti yetu. Alfajiri mke wangu alichuma asumini, akamfungia mwanawe kikuba kama alivyofungiwa yeye na mama yake. Ua moja lilibaki, akanitia mkononi. Hakusema neno, kama siku ile ya chungu.

Mwaka huu vitawi vitano vimeshika. Anayetaka aje achukue, bila malipo. Sharti ni moja: ukikua, naye amkatie mwenziwe.

Wassalaam.