Usimchagulie mtoto wimbo wa kukupa sifa wewe

Binti wa miaka 11 mjini Sumbawanga, aliyejifunza kinanda kwenye kwaya ya watoto, alitakiwa kuandaa vipande viwili: kimoja cha mashindano, kingine cha kupiga mbele ya wazazi na waumini. Baba yake alikuwa ameshaamua. Cha mashindano kiwe "Für Elise" cha Beethoven, kwa sababu kila mtu anakijua.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kulalamika kuwa kifundo cha mkono kinauma. Jioni, visingizio vikazidi.

Haukuwa uvivu. Kipande hicho cha mwaka 1810, kikipigwa chote, kinapanda juu kuliko vitufe 61 vya kinanda chao cha nyumbani. Piano kamili ina 88. Mtoto alihangaika na kitu ambacho chombo chake hakiwezi kukimaliza. Tena asubuhi za Juni na Julai baridi ya Ufipa hutia vidole ganzi, na kuvikimbiza kabla havijapata joto ni kujitafutia maumivu.

Mama ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, wewe mwenyewe unapenda kipi?"

"Kile kifupi, mama."

Kile kifupi ni minueti iliyomo kwenye kitabu cha nyumbani cha Anna Magdalena, mke wa Johann Sebastian Bach, cha mwaka 1725. Kwa miaka mingi watu waliamini ni ya Bach, kumbe mtunzi ni Christian Petzold. Jina kubwa liliondoka, utamu ukabaki. Kwa ajili ya waumini, binti alichagua wimbo wa kanisani wanaoweza kuufuatisha.

Baba alinuna. Lakini hata Robert Schumann, aliyeumia mkono ujanani akaacha ndoto ya kuwa mpiga piano, mwaka 1848 aliwatungia watoto vipande vinavyolingana na uwezo wao, akianza na zawadi ya binti yake aliyetimiza miaka saba.

Mzazi, kabla ya kukubali kipande, mwombe mtoto akipige taratibu, mwanzo hadi mwisho, kwenye kinanda alichonacho. Asipofika mwisho, kisubiri mwakani. Mkono ukiuma, apumzike. Maumivu yasipoisha, aonwe na mtaalamu wa afya. Usimwongezee mazoezi.